Tarakimu na Herufi: Maswali ya Wasomaji

*Asalaam aleikum mwalimu. Naandika programu ya tikiti za boti za Mokowe kwa lugha ya C. Kiti ni namba 7, lakini nikiitoa kwa %c (alama ya kuonyesha herufi) skrini haionyeshi kitu, kompyuta inalia tu. — Kijana wa Langoni, Lamu*

Waaleikum salaam, mwanangu. Kompyuta imekutii. Katika ASCII, jedwali linaloipa kila herufi namba yake, herufi yenye namba 7 haina umbo, ni kengele. Tarakimu 0 imekaa kwenye 48, 1 kwenye 49, hadi 9 kwenye 57. Kwa hiyo andika `7 + '0'`, yaani 7 na 48, upate 55, ambayo ndiyo herufi 7. Mimi sipendi kuona 48 imeandikwa kavu kavu. Atakayeisoma programu mwakani atajuaje imetoka wapi? Isitoshe, kanuni za C zinahakikisha kwamba tarakimu kumi zinafuatana bila pengo, hata kwenye kompyuta kubwa za IBM zenye jedwali la EBCDIC, ambako 0 iko 240.

*Nimefanya hivyo, lakini abiria 42 wametoka "Z"! — Yuleyule*

Ndiyo, 42 na 48 ni 90, na 90 ni Z. Njia ile ni ya tarakimu moja tu. Namba ndefu unaimega: `42 % 10` inakupa baki la kugawanya, 2, `42 / 10` inakubakishia 4. Zinatoka kinyumenyume, basi jaza safu kuanzia mwisho. Tumia `do ... while`, inayotenda kwanza ndipo iulize, kwa sababu `while (n > 0)` ikikutana na boti tupu haitaandika hata hiyo 0. Ukishaelewa, achana na kumega, tumia `snprintf`, amri ya C inayokufanyia hayo yote.

*Kwa lugha ya Python je? — Mwanafunzi, Shela*

`str(42)`. Basi.

*Mimi nina duka Malindi. Namba za simu za wateja zinapoteza sifuri ya mbele. — Mama Duka*

Dada yangu, namba ya simu hujumlishi wala hugawanyi. Mwambie fundi wako aihifadhi kama maandishi tangu mteja anapoitaja. Na asijaribu kuirudisha sifuri kwa kuandika 0712 ndani ya programu: C na Java zitaisoma kwa hesabu ya nane nane, iwe 458. Python itaikataa kabisa, na hapo naiunga mkono.

*Natengeneza kalenda ya Hijria ya madrasa. Nataka tarakimu za Kiarabu. — Ustadh, Lamu*

Ustadh, njia ni ileile, mwanzo tu ndio tofauti. Katika Unicode, jedwali la herufi za lugha nyingi, ٠ iko 1632, kwa hiyo `chr(1632 + 7)` ya Python inatoa ٧. Kurudi nyuma ni rahisi zaidi, kwani `int("٧")` ya Python inakupa 7 bila kuuliza. Angalizo moja: maandishi yanakwenda kutoka kulia, lakini tarakimu za mwaka zinabaki kutoka kushoto. Ukitaka 1447, panga ١ kwanza na ٧ mwisho, usizigeuze. Skrini inajua pa kuziweka.