Kaliba Ndogo kwa Mnyama Mkubwa: Chagua Risasi Kabla ya Kusifia Bunduki

Wiki iliyopita niliweka picha ya kuro dume, yule swala mkubwa apendaye kukaa karibu na maji, aliyeangushwa kando ya mto Kafu hapa Uganda, na bunduki ya 6.5x55 (kaliba yake, yaani upana wa risasi, ni milimita 6.5) imeegemezwa kwenye kichuguu pembeni yake. Ujumbe ukamiminika. Wako walionipongeza, Mungu awabariki. Wako walioniita mwongo: kuro mwenye kilo zaidi ya 200 ataangukaje kwa kabunduki kama hako? Katikati ya hao wote, kijana mmoja wa Nakasongola anayejifunza kazi ya kuongoza wawindaji akauliza swali la maana: "Mzee, mtu akiwa na kaliba ndogo anunue risasi gani ya kuwindia na gani ya mazoezi?"

Huyo ndiye ninayemjibu, na najua wengi mnaonisoma mnaitamani kazi hii hii, kwa hiyo sikilizeni nyote.

Bunduki ile ilikuwa ya mgeni kutoka Sweden. Kwao kaliba hiyo ipo tangu 1894, na wanaitumia kumpiga yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi anayemzidi kuro kwa mbali. Alipiga mara moja, kama mita 120, bunduki ikiwa juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu ili kuiegemeza. Kuro aliruka, akakimbia hatua chache huku amejipinda, akalala. Wakati wa kuchuna, mchunaji wetu alipapasa chini ya ngozi ya bega la upande wa pili, akahisi kitu kigumu, akakichokoa kwa ncha ya kisu. Kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka kutoka kwenye mtutu. Mbele kimefunguka kama uyoga, nyuma kizima, na nywele mbili tatu za kuro zimenaswa kwenye shaba iliyopasuka. Nilikipeleka kwa sonara mjini Masindi tukapima. Kilipotoka kiwandani kilikuwa greni 140, yaani gramu 9 hivi. Mizani ilisoma gramu 8 na kitu. Kimevunja ubavu, kimepita mapafu yote mawili, na karibu uzito wote bado upo.

Basi jibu lenyewe ni hilo. Usiniulize kwanza kuhusu bunduki, niulize kuhusu kichwa cha risasi. Ukiwa na kaliba kubwa, hata kichwa kibovu kinaweza kufika ndani kwa sababu ya uzito wake tu. Kaliba ndogo haina ziada hiyo. Kichwa lazima kifunguke ili kiharibu mapafu, lakini kisisambaratike begani kabla ya kuyafikia.

Kwa hiyo achana na vichwa vya ledi vyenye koti (ganda la nje la shaba) jembamba, vile vilivyotengenezwa kwa wanyama wadogo. Kwa kuro na kongoni tafuta kichwa ambacho ledi yake imeshikamanishwa na koti, au chenye ukuta wa shaba katikati, au cha shaba tupu. Hicho chenye ukuta kina historia ambayo kila mwongozaji angepaswa kuijua. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa British Columbia, Kanada, akimpiga kulungu mkubwa aliyejaa tope kavu mwilini. Alikuwa na .300 H&H, bunduki yenye nguvu sana, lakini vichwa vilipasuka juu juu bila kuingia ndani. Akarudi nyumbani akabuni kichwa chenye vyumba viwili: cha mbele kinafunguka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea na safari. Mwaka 1948 kikaanza kuuzwa. Sasa mfikirie ngiri wetu anapotoka kugaagaa, tope limemkauka mgongoni. Tatizo ni lile lile la 1946.

Uzito nao usichukuliwe kimzaha. Katika kaliba ndogo, chukua vichwa vizito vya kaliba hiyo. Kwa 7x57 ni greni 140 hadi 175. Kwa 6.5 ni 140. Kwa .243 (hizi zinazoanza na nukta hupimwa kwa inchi), iliyotoka 1955, nenda kwenye greni 100, na uishie kwa kobu, yule aliye kwenye nembo ya taifa letu, pamoja na tohe na pongo. Kichwa kizito ni kirefu, na kirefu hupenya vizuri zaidi. Ila ujue pia misokoto iliyo ndani ya mtutu wako, ile mifereji inayokizungusha kichwa kinapotoka. Kichwa kirefu kinahitaji msokoto wa haraka. Mtutu wa zamani wa .223 wenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 12 umefanywa kwa vichwa vya greni 55, ukiupa kirefu kitayumba hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu. Ukiona tundu la mviringo uliorefuka kwenye karatasi, usibishane nalo, badilisha risasi.

Na hiyo .223 yenyewe, jamani, isahau kwa kobu, hata ukisikia mtu anajisifu. Hata oribi mdogo wa kilo 15 anastahili kichwa kilichotengenezwa kwa uwindaji.

Hapa kwetu kuna shida moja ambayo wenzetu wa nje hawana. Wengi tumeijulia bunduki kwenye AK, jeshini au kwenye ulinzi. Risasi tuliyoizoea ni ile iliyofunikwa koti gumu kote. Mtu akishazoea hiyo anadhani risasi ni risasi. Koti gumu halifunguki, linapita kwenye mapafu ya kobu na kuacha tundu dogo, naye anakimbia na kwenda kufia mbali kwenye matete. Usiibebe kwa swala wa aina yoyote.

Kila nikisema haya mtu ananitajia Bell wa Karamoja. W. D. M. Bell, Mskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1900 aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi wao kwa 7x57, kichwa kigumu cha greni 173. Ni kweli kabisa. Lakini wanaomtaja hawamalizii. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila pembe. Kichwa kigumu kilimfaa kwa sababu alihitaji kupenya mfupa hadi ubongoni, na alijua mahali. Wewe unampiga kongoni mapafuni. Kazi ni tofauti, risasi ni tofauti. Na zama zile zimeshapita: uwindaji wa kitalii ulifungwa nchini mwaka 1979, ukarudi kwa majaribio mwaka 2001 kuzunguka Ziwa Mburo.

Niseme na jambo ambalo bado linaniuma. Nilipokuwa mdogo kwenye kazi hii, mzee mmoja aliyekuwa juu yangu aliichukua risasi ya 7x57 kutoka kwenye mkanda wangu, akaishika kwa vidole viwili mbele ya wageni, akasema, "Hii ni ya njiwa." Wageni wakacheka. Sikujibu, nilihitaji mshahara. Jioni hiyo mgeni wake mwenyewe, mwenye magnum ya kutisha, bunduki ya risasi yenye nguvu na teke kubwa, alimpiga kongoni tumboni. Nilikuwa nimesimama pembeni yake: alifumba macho kabla ya kuvuta triga, kwa kuogopa teke la bunduki. Tulifuata damu mpaka kurunzi zikafifia, tukampata asubuhi, fisi wameshatangulia. Hakuna aliyenigeukia kusema neno. Leo nina leseni yangu, na wageni wananiomba kwa jina.

Vijana, mnyama yule aliteseka usiku kucha kwa sababu mtu alinunua nguvu asizoweza kuzibeba. Teke dogo ndiyo faida kubwa ya kaliba ndogo. Unapiga risasi nyingi kwa siku bila bega kuvimba, na mwili haujifunzi woga.

Ndiyo maana mazoezi yanahitaji pesa kuliko mnavyofikiria. Mimi nayagawa hivi. Sehemu kubwa ni .22 ya kawaida, ya greni 40, kwa sababu ni nafuu. Rekebisha darubini ipige katikati kwa mita 50, kisha isogeze shabaha hadi mita 100. Itashuka sentimita 15 hivi au zaidi, na upepo mdogo tu utaisukuma pembeni. Utajifunza kusoma nyasi zinavyoinama kuliko kitabu chochote kitakavyokufundisha. Piga ukiwa umesimama na fimbo tatu, maana porini hakuna meza. Piga ukiwa unahema baada ya kukimbia kidogo. Nyumbani, bunduki ikiwa tupu na umekagua chemba mara mbili, vuta triga ukiangalia alama ya darubini kama inatikisika. Hiyo haina gharama yoyote.

Sehemu ya pili ni risasi za bei nafuu za kaliba yako yenyewe, zenye uzito ule ule wa zile za kuwindia. Sehemu ndogo ya mwisho ni risasi zenyewe za kuwindia. Hapa ndipo watu wanapobana pesa kwa namna mbaya: wanarekebisha darubini kwa risasi ya bei nafuu, kisha wanaingia porini na ya ghali wakidhani zitapiga mahali pamoja. Hazipigi. Hata uzito ukilingana, zinaweza kuachana kiganja kizima kwa mita 100. Marekebisho ya mwisho ya darubini yafanywe kwa risasi utakayompiga nayo mnyama.

Nyati simweki kwenye mazungumzo haya. Huyo ni .375 kwenda juu, nchi kadhaa za Afrika zimeliandika hilo kwenye sheria zao, na mimi simpeleki mgeni kwa nyati na 6.5 hata anilipe mara mbili. Kwa nzohe wa visiwa vya Ssese, unapokaa juu ya ulingo ukingoja atokeze kwenye mafunjo, kaliba ndogo inatosha kabisa, mradi usubiri akupe ubavu. Akikupa matako, mwache.

Mengine ni mafupi. Bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha ya 1970 na uwindaji chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Usinunue hata boksi moja nje ya kibali chako, wala usikubali risasi za kupewa mkononi. Usiache boksi kwenye dashibodi, hasa kwenye joto la Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi: baruti ikipata joto kali, mgandamizo unapanda na risasi inapiga juu kuliko ulivyozoea.

Na unaponunua, kijana wangu wa Nakasongola, soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, yaani namba ya kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja kiwandani. Chukua maboksi yenye namba moja, kadiri kibali kinavyokuruhusu. Likibaki boksi moja na dukani wameshaleta toleo jipya, hilo moja litunze kwa porini, na toleo jipya ulipeleke kwenye karatasi kwanza.