Kiwanja cha Goba kando ya kijito: jibu ni mita 60

Kaka uliyeuliza kama ununue hicho kiwanja cha Goba, Dar es Salaam, ujenge nyumba, kiko kwenye mteremko na kijito kipo kama hatua ishirini tu, usilipe bado. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 toka kingo za mto bila kujenga, na usije ukadanganywa na dalali kwamba kijito kinakauka kiangazi so hakihesabiki, subiri masika uone maji yanavyokuja na kingo zinavyomeguka kila mwaka mpaka nyumba iliyokuwa mbali inajikuta ukingoni. Wale wa bonde la Msimbazi walipigiwa X nyekundu wakabomolewa Desemba 2015, na wengine walikuwa na umeme na maji ndani kabisa, kwahiyo risiti ya luku (umeme wa kulipia kabla) sio kibali cha kujenga. Na karatasi ya mjumbe nayo sio kibali bwana.

Nenda manispaa, mipango miji, waangalie ramani wakupimie. Ikitokea uko nje ya hizo mita 60, mteremko bado unataka hela: msingi unaoshuka kwa ngazi kufuata mteremko, ukuta wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutolea maji, mifereji, na usikwangue majani yote kabla hujaanza kujenga.