Dawa ya wifi haikuwa dawa ya baba

Nianze na kosa langu, kwa sababu najua kuna mtu atakayesoma hapa akiwa na mgonjwa ndani na yuko karibu kulirudia. Mwaka juzi nilichukua vidonge vya wifi yangu nikampa baba.

Wote wawili wana ugonjwa wa Parkinson. Baba ni mzee wa Machame, alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, na ugonjwa ulimjia akiwa na miaka 71. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mtu wa Tanga, naye ulimwanza akiwa na miaka 34. Wifi alikuwa anatumia benzeksoli, na ilikuwa imemtuliza mkono uliokuwa ukitetemeka mpaka chai inamwagika. Nikajiambia, ugonjwa si ndio ule ule, kwa nini mzee ateseke? Siku ya tatu jioni baba alikuwa ameketi barazani, macho yako migombani. "Mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "waambie wale wageni waingie ndani, mvua inakuja." Migombani hapakuwa na mtu.

Daktari wa mishipa ya fahamu alinieleza kwamba dawa ya aina ile kijana huweza kuivumilia, lakini mtu wa umri wa baba inamvuruga akili, inamletea maruweruwe, inamfungia choo na mkojo. Tukaiondoa kwa maelekezo yake na baba akarudi kuwa baba. Kilichonibaki ni swali: inakuwaje ugonjwa wenye jina moja ukawa na tabia mbili?

Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayofanya mwendo uwe mwepesi. Seli hizo zikifa, mwili unakuwa mzito, viungo vinakakamaa, mkono unatetemeka ukiwa umepumzika tu. Lakini mpaka hayo yaonekane, sehemu kubwa ya seli imeshapotea. Kwa baba dalili zilikuwepo miaka kadhaa, sisi hatukuzisoma. Ninalo daftari lake la mauzo ya kahawa. Kurasa za mwanzo mwandiko ni mpana, wa karani hasa. Kurasa za mwisho kila mstari unaanza vizuri, kisha herufi zinapungua na kupungua, mwisho zinakuwa kama mayai ya chawa. Wakati huo huo alikuwa hasikii harufu ya ndizi zikiungulia jikoni, choo kilikuwa kigumu, na usiku alikuwa anapigana na watu ndotoni mpaka mama akahamia kitanda kingine. Kwenye zahanati tuliambiwa ni uzee, tukakubali. Utafiti uliofanyika wilaya yetu hii ya Hai na kuchapishwa mwaka 2008 uliwakuta wagonjwa 33 kati ya watu zaidi ya 161,000, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba wanaumwa Parkinson. Sikushangaa niliposoma.

Umri ndio unaobadilisha mengi. Anayeanza uzeeni, ubongo wake tayari una uchovu wa miaka, hivyo mara nyingi ugonjwa humwendea kasi zaidi: kuyumba, kuanguka, miguu kugoma mlangoni kana kwamba imegundishwa sakafuni, na kumbukumbu kuchoka. Kwa mzee wako, shughulika mapema na sakafu inayoteleza, taa ya usiku, na mahali pa kushika bafuni. Kutetemeka siko kunakovunja nyonga.

Kwa wifi ilikuwa kinyume. Ulianza mguu. Asubuhi alikuwa akiamka mzima, jioni wayo unageukia ndani na vidole vinajikunja, hawezi kuvaa kandambili. Kwa kuwa ni msichana, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa unakuja na kuondoka, watu walisema amekanyaga kitu. Pesa nyingi zilikwenda kwa waganga. Leo ana miaka 43, akili yake ni kali kuliko yangu, na ugonjwa umesogea polepole. Shida yake ni nyingine: levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, inamsaidia sana, lakini imeshaanza kumletea kuchezacheza mwili bila kutaka, jambo ambalo wanaoanza wakiwa vijana hulipata mapema. Ndiyo maana daktari wake anapima dozi kwa uangalifu mkubwa. Usimwongezee mgonjwa kijana kidonge kwa huruma.

Halafu likaja suala la damu. Daktari aliwauliza wifi na mume wangu: wazazi wenu ni ndugu? Ndiyo, baba mkwe na mama mkwe ni mtu na binamu yake. Kuna jeni, yaani kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi kwa wazazi, iitwayo parkini, iliyotambuliwa Japani mwaka 1998, ambayo mtu akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, huanza kuumwa akiwa kijana, na sura yake hufanana sana na ya wifi. Usiku ule mume wangu hakulala. "Na mimi je? Na watoto?" Jibu tulilopewa ni kwamba, kama ndiyo hiyo, kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na nakala zote mbili, mwenye nakala moja kwa kawaida haumwi. Mume wangu ana miaka 47 na hana dalili. Kipimo hatujafanya, kwa sababu vidonge vya wifi visingebadilika, na hilo ni uamuzi wa wifi mwenyewe.

Jeni nyingine hazina hukumu kali hivyo. Iitwayo GBA1 huongeza hatari tu, na mwaka 2023 watafiti walitangaza aina yake inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, waliochunguzwa wakiwemo Wanijeria. Wagonjwa wengi, kama baba, hawana mtu mwingine mwenye ugonjwa huu kwenye ukoo.

Mkienda kliniki, andikeni saa ya kila kidonge na hali ya mgonjwa baada yake. Mkipewa dawa ya kutapika, utajeni ugonjwa kwanza, maana metoklopramidi humzidishia mgonjwa. Mbegu za upupu kweli zina levodopa, lakini hakuna anayejua kikombe kimoja kina kiasi gani. Msizichanganye na vidonge. Na vidonge visikatishwe ghafla.

Baba sasa anameza saa 12 asubuhi, anakunywa uji mwepesi baadaye, na mtori wenye nyama tumeuhamishia jioni kwa sababu protini ilikuwa inaizuia dawa. Mume wangu naye anachora ukoo wao kwenye karatasi ya manila: nani aliumwa, akiwa na umri gani, alioa kwa nani. Kuna shangazi wa Pangani, marehemu, ambaye wazee wanakumbuka tu kwamba mguu ulikuwa unamsumbua jioni. Tumemwekea alama ya kuuliza.