Hesabu hatua za kugeuka pia, si sekunde peke yake

Daktari alimuuliza baba, "Mzee, kutembea kunaendeleaje?" Baba akajibu, "Vizuri tu." Mimi nikasema anaburuza miguu. Mama akasema leo afadhali. Hakuna aliyedanganya, lakini daktari hakupata hata kimoja cha kuandika.

Baba ana maji yaliyojaa kwenye ubongo, ile aina inayowapata wazee, ambayo Salomón Hakim na Raymond Adams waliieleza mwaka 1965. Dalili zake ni tatu: kutembea kwa shida, mkojo kutozuilika, na kusahau. Mara nyingi miguu ndiyo hutangulia, na ndiyo hupata nafuu zaidi baada ya kuwekewa mrija wa kuyapunguza maji hayo. Sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba ni uzee.

Tangu siku ile tuna daftari. Kiti chenye mikono, na alama sakafuni mita 3 mbele yake. Nikisema "anza", baba anainuka, anatembea hadi kwenye alama, anageuka, anarudi na kuketi. Nahesabu sekunde kwa simu. Viatu ni vilevile, fimbo ileile, saa ileile ya siku. Mara ya kwanza ni ya kujaribu tu, siiandiki. Natembea ubavuni kwake, karibu, bila kumshika, na simsemeshi: akianza kunijibu, miguu inasimama.

Sekunde zina hila, lakini. Kuna siku baba aliharakisha ili anifurahishe, akapata muda mzuri huku akipepesuka. Kugeuka ndiko kulikomuumbua. Asiye na tatizo hugeuka kwa hatua chache. Baba alitumia 9, mwili mzima ukizunguka kwa pamoja kama amebeba ndoo kichwani, nyayo zimeng'ang'ania sakafu. Kwa hiyo andika zote mbili, na umrekodi video.

Daftari lilitufumbua macho kwenye kipimo cha kutoa maji ya uti wa mgongo, cha kuona kama mrija utasaidia. Hutolewa mililita 30 hadi 50, na mgonjwa hupimwa kutembea kabla na baada ya hapo. Kabla, baba alipimwa akiwa na fimbo. Baadaye akaja mtu mwingine, akampima bila fimbo. Namba mbili zisizolinganishika! Siku hizi nauliza mapema: nani atapima, saa ngapi, na fimbo ipo au haipo? Na jueni kwamba kipimo hiki kisipoonyesha nafuu, haina maana kwamba mrija hautasaidia. Ulizeni kuhusu kuyatoa maji polepole kwa siku mbili tatu.

Kuna pia kipimo cha Berg, cha kuangalia mtu anavyojimudu asianguke: kazi 14, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 56. Hicho mwachieni mtaalamu wa fiziotherapia. Mimi nilijaribu nyumbani ile ya kusimama kwa mguu mmoja, na nusura tuanguke wote wawili.

Baba sasa ana mrija, na kugeuka kumeshuka hadi hatua 5. Daftari bado tunalo, maana mrija huweza kuziba. Hatua zikianza kupanda siku kadhaa mfululizo, nalipeleka kwa daktari. Akiumwa kichwa, akitapika au akisinzia kupita kawaida, naliacha mezani na tunakimbilia hospitali.