Kubishana na shemeji kuhusu siku ya ibada

Ndugu, umeuliza ufanyeje na shemeji yako Msabato wa Jinja, maana kila mkikutana mnabishana ibada iwe Jumamosi au Jumapili, hadi kelele. Acheni kurushiana mistari. Someni Warumi 14 yote kwa sauti, maana inagusa waumini wanaotofautiana kuhusu siku, kisha kila mmoja aeleze msimamo wa mwenzake mpaka mwenyewe akiri, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini." Hapo wengi hukwama, kwa sababu walikuwa wanasubiri zamu ya kujibu tu. Msianze mbele ya wakwe: mtu akitazamwa hulinda heshima yake kwanza. 2 Timotheo 2:23-25 inakataza maswali ya kipumbavu, lakini inaagiza kufundisha kwa upole, kwa hiyo kunyamaza kabisa nako si dawa. Sauti zikipanda, ahirisheni, uulizie watoto na shamba.