Mbona mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wanaoshikilia kwamba mwezi huwa mwembamba kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika. Usibishane nao kwa mchoro ubaoni. Mara nyingi michoro ndiyo inayowapotosha. Tia darasa giza, washa taa moja, kila mmoja ashike mpira mweupe mkono ukiwa umenyooka, kisha ageuke taratibu mahali aliposimama, kichwa chake kikiwa ndiyo dunia. Akiuinua mpira kidogo ataona hilali, nusu, hata mwezi mpevu, bila kivuli chochote kuugusa. Akiushusha ukapita kwenye kivuli cha kichwa chake, hapo ndipo mwezi umepatwa.

Atakayeuliza mbona haupatwi kila unapokuwa mpevu, mpongeze. Njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua, kwa hiyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli.

Kisha wauchore mwezi wenyewe kwa siku 30. Wengi hushangaa kuukuta angani mchana!

Majira yaache kwanza. Mwinamo wa mhimili wa dunia wa nyuzi 23.5, unaoleta majira, watauchanganya na huu wa njia ya mwezi. Na jua likipatwa, miwani ya kawaida ya jua haifai kulitazamia.