Maswali ya Wasomaji: Msimbo wa Pamoja Ukae Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mtengenezaji wa programu hapa Moshi, katika ofisi ya watu 11. Tunaandika kwa lugha ya programu ya Python mifumo mitatu ya vyama vya ushirika vya kahawa: mapokezi ya mizani, malipo ya wakulima na hesabu za mwisho wa msimu. Kila mfumo una nakala yake ya kanuni za makato, na kosa lililorekebishwa katika mmoja bado limo katika mingine. Tulianzisha folda ya pamoja, lakini skripti za kujengea programu nazo zikaanza kuitegemea, na sasa kompyuta mpya haiandaliki. Je, tuutenge kila mfumo katika ghala lake la msimbo, yaani mahali panapohifadhiwa faili zake zote pamoja na historia ya mabadiliko?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, nakushauri msitenge. Mkiwa na maghala matatu, kila rekebisho la makato litahitaji toleo jipya ambalo kila mfumo utalipokea kwa wakati wake, na hapo mtakuwa mmeurudia ugonjwa uleule mnaoulalamikia. Katika ghala moja, badiliko moja hugusa mifumo yote mitatu na kupimwa kwa pamoja. Google ilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo bilioni 2 katika ghala moja mwaka 2015. Ni kweli ina zana zake maalumu, lakini kwa watu 11 zana za kawaida za Python zinatosha.

Kinachowasumbua ni kwamba folda yenu haina mipaka. Nadhani kila faili inaanza kwa kuongeza njia ya folda hiyo katika sys.path, yaani orodha ya folda ambamo Python hutafuta msimbo. Python hutafuta moduli (faili ya msimbo inayoitwa na faili nyingine) kwa kufuata mpangilio wa njia hizo, huchukua ya kwanza inayolingana na jina, kisha huikumbuka. Kwa hiyo mifumo miwili ikiwa na faili za jina moja, mmoja unaweza kutumia faili ya mwingine bila onyo lolote. Badala yake, ufanyeni msimbo wa pamoja kuwa kifurushi kamili chenye pyproject.toml yake (faili inayokieleza kifurushi na maktaba kinazohitaji), msimbo wake ukae ndani ya folda ya src, na kila mfumo ukisakinishe kwa pip install -e, amri inayokiunganisha kifurushi pale kilipo badala ya kukinakili, ili mabadiliko yaonekane papo hapo. Mifumo ikitegemee kifurushi, lakini kifurushi kisiitegemee mifumo kamwe. Kipeni pia jina la kazi yake, kwa mfano makato, kwa sababu folda inayoitwa «mengineyo» haichelewi kuwa jalala.

Skripti za kujengea zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndizo zinazotangulia kufanya kazi kabla ya kitu chochote kusakinishwa. Skripti inayoita folda ya pamoja, ambayo nayo inahitaji maktaba ambayo skripti hiyohiyo ndiyo ingeisakinisha, haiwezi kuanza. Ziwekeni mahali pake, zitumie maktaba zinazokuja na Python pekee. Tangu toleo la 3.11 hata kusoma faili za TOML, kama hiyo pyproject.toml, kunawezekana kwa tomllib. Kagueni pia kama kuna inayoita distutils, maktaba ya zamani ya kufungasha programu, maana iliondolewa katika Python 3.12 mwaka 2023, na mazingira pepe mapya ya toleo hilo (nafasi zilizotengwa kwa maktaba za mradi mmoja) hayaji tena na setuptools, maktaba iliyochukua nafasi yake.

Nakusihi msifute nakala mbili na kubakiza moja kwa kukisia. Pitisheni mapokezi halisi ya msimu uliopita katika nakala zote tatu, mlinganishe majibu senti kwa senti. Angalieni hasa ukadiriaji: round ya Python hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo 2.5 huwa 2 ilhali 3.5 huwa 4, lakini aliyetumia Decimal, aina ya namba za desimali ya Python, na kuagiza nusu ipande atapata 3 na 4. Nakala zikitofautiana hapo, mwenye kuamua ni mhasibu wa chama na masharti ya chama chenyewe, si sisi waandika programu, kwa sababu fedha hiyo ni ya mkulima. Uamuzi wake uandikwe kama jaribio ndani ya kifurushi, ndipo nakala za zamani zifutwe, mfumo mmoja baada ya mwingine, na kazi yote iishe kabla mizani haijafunguliwa Julai.